Uzi: Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, tuache kuombewa kazi za serikali steshenari

Mwana wa Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina steshenari Mtwara mjini, huu mwaka wa nane. Kinachoniingizia hela kuliko fotokopi ni kuwaombea watu ajira. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira, wale wanaosimamia kuajiri serikalini, likitoka, kesho yake nakuta watu mlangoni kabla sijafungua. Wanatoka Nanyamba, Kitere, Msimbati, wengine wameshuka na gari la kwanza la Tandahimba. Mtu ananikabidhi bahasha ya kaki yenye vyeti, ananitajia namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), anakaa kwenye benchi. Mimi namfungulia barua pepe, namsajili Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi za serikali), namwandikia barua, naskani, napakia. Yeye hata skrini haioni. Ananipa shilingi 5,000 anarudi kwao akiamini ameomba kazi.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya dada mmoja wa Newala. Nilimsajili akiwa bado chuoni Dodoma, alinipigia simu nikamfanyia. Kwenye anwani ya makazi nikajaza Dodoma, maana ndiko alikokuwa. Akamaliza ualimu, akarudi kwao, akaendelea kunitumia vyeti niombe, mimi naomba. Ile anwani hakuna aliyeigusa. Ulipokuja usaili wa walimu, watu wakapangiwa vituo kwa mkoa ulioandikwa kwenye akaunti. Wenzake wa Newala wakafanyia Mtwara. Yeye kituo chake kikawa Dodoma.

Habari ilimfikia siku mbili kabla, tena kwa kuambiwa na mwenzake. Ilikuwa mwezi wa tatu, korosho zilishauzwa zamani na hela ilishakwisha. Baba yake akakopa nauli. Akafika Dodoma saa nne asubuhi ya siku yenyewe, wenzake wako ndani, mlango umefungwa.

Alivyorudi hakunigombeza. Alikuja dukani akaniambia, "Kaka, naomba nywila yangu." Nikavuta droo, nikatoa daftari. Wakuu, lile daftari lina nywila za watu zaidi ya mia mbili. Barua pepe zao, akaunti zao za ajira, namba zao za NIDA, zote kwa mwandiko wangu, na kurasa za nyuma zimelowa mvua ya masika wino umesambaa. Ya kwake ilikuwa kwenye kurasa hizo. Na namba ya simu niliyoiweka ya kurudishia nywila ilikuwa laini yangu ya zamani, nilishaipoteza.

Dada yule alisoma miaka yote ile, na kilichomkwamisha ni kisanduku kimoja kwenye fomu ambayo hajawahi kuiona kwa macho yake. Kosa lilikuwa langu na nilimwomba radhi. Lakini nalifanya kila wiki kwa watu wengine na wenye steshenari wenzangu pia wanalifanya, kwa sababu watu wetu wanataka kuombewa.

Tangazo la Mtendaji wa Kijiji linataka kidato cha nne au cha sita na astashahada ya fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii. La Dereva linataka leseni daraja C au E na cheti cha udereva. Humo hutaona neno kompyuta. Lakini maombi yote yanapita mtandaoni, kwa hiyo kabla hujaulizwa swali lolote la kazi ulishapimwa kama unajua kufungua akaunti, kugeuza cheti kuwa PDF, kusoma tangazo mpaka mwisho na kurudi kwenye akaunti yako kuangalia. Mtihani huo vijana wa Kusini tunamlipa mtu mwingine atufanyie.

Karibuni tujadili.

Mtu wa Liwale

Mkuu pole na huyo dada. Ila tuseme ukweli, kazi za serikali ni kujuana. Kuna vijana huku wanajua kompyuta kuliko hao wanaowasaili na bado wapo mtaani. Hata ukijua kuchapa kama mashine, kama huna mtu huna mtu.

Bi Mahuta

@Mtu wa Liwale mwanangu, na mimi nilisema hivyo hivyo miaka mitatu. Sina mjomba Dodoma wala shangazi wizarani. Leo ni Mwandishi Mwendesha Ofisi, yaani katibu mahsusi, kwenye halmashauri moja ya Lindi. Ngoja niwaeleze nilivyofeli mara ya kwanza, labda mtaelewa anachosema mwanzisha uzi.

Kada yetu tangazo lake liko wazi kabisa: stashahada ya uhazili, hatimkato (kuandika kwa alama za mkato) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na cheti cha kompyuta kwenye programu za Word, Excel, Powerpoint, intaneti, barua pepe na Publisher. Vyeti vyote nilikuwa navyo. Chuoni kwetu kompyuta moja tulikaa wanne. Anayechapa ni yule anayejua tayari, sisi wengine tunaangalia bega lake. Publisher niliijua kwa kuchorewa ubaoni.

Mchujo wa kuandika nikapita vizuri. Tukaitwa usaili wa vitendo. Nimekaa mbele ya kompyuta, naambiwa nichape barua, niweke jedwali, nijumlishe safu kwa fomula, nihifadhi kwa jina langu kwenye folda niliyoelekezwa. Barua nikachapa. Jedwali likanishinda. Namba nikazijumlisha kichwani nikaziandika kwa mkono kwenye kisanduku, jibu ni sahihi kabisa, lakini aliyekuwa anasimamia akabonyeza pale akaona hakuna fomula. Akaniangalia kwa huruma tu. Halafu sikujua faili langu limehifadhiwa wapi. Nilitoka mikono inatetemeka.

Hapo hakuna aliyenifanyia hila, sikujua tu. Nikarudi Mahuta, msimu wa korosho nikafanya kazi ya kuandika mizani kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, hela niliyopata nikanunua kompyuta mpakato ya mtumba. Kila usiku saa moja, jedwali na fomula, jedwali na fomula. Umeme ukikatika naendelea mpaka betri iishe. Mara ya pili nilipoitwa nilimaliza kabla ya muda.

Kujuana kupo, sikatai, nimekaa ofisini nimeyaona. Ila mlango wa mchujo umekuwa mgumu kupitia kwa mjomba kuliko zamani, na wengi wetu tunaanguka pale pale mlangoni.

Mtu wa Liwale

@Bi Mahuta nimekuelewa mama, asante kwa kuwa muwazi. Mimi niliomba mara sita sijaitwa hata mara moja. Sijui hata kwa nini.

Mwana wa Chikongola

@Mtu wa Liwale uliomba mwenyewe au uliombewa?

Mtu wa Liwale

Niliombewa.

Utumishi Kusini

Naomba nichangie kama mtu niliyefanya kazi kwenye idara ya utumishi halmashauri tatu tofauti za mikoa hii miwili.

Ndugu wa Liwale, ingia kwenye akaunti yako uangalie kilichopakiwa. Usishangae ukikuta hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe. Matangazo yanasema wazi hati za matokeo hazikubaliwi, lakini anayekuombea ana watu thelathini kwenye foleni, hasomi. Nimeona barua ya maombi isiyo na sahihi. Nimeona cheti kimepigwa picha juu ya godoro, shuka la maua linaonekana pembeni na namba ya cheti haisomeki. Nimeona jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kwenye NIDA na hakuna hati ya kiapo. Huyo mtu anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini anayechambua maombi anakiona kile kilichopakiwa tu.

Jambo la pili ni namba ya usaili. Ukiitwa, namba unainakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako, siku ya usaili hutapewa. Kama akaunti iko kwenye daftari la mtu wa steshenari, utasimama getini umeshika vyeti halisi na kitambulisho, namba huna. Na sasa mchujo wa baadhi ya kada unafanyiwa kwenye kompyuta. Maswali yako kwenye skrini, muda unahesabiwa juu pale, na mtu anayesogeza kipanya kama anasukuma jiwe anapoteza dakika ambazo mwenzake anazitumia kufikiri.

Lakini kubwa kuliko yote ni kazi yenyewe baada ya kuajiriwa. Nilianza utumishi wakati wa majalada ya rangi na muhuri. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa malipo ya serikali, GePG, kila malipo yakawa na kumbukumbu namba (control number). Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, na iliyokuwa Wakala ya Serikali Mtandao ikawa Mamlaka. Sasa hesabu tunavyovitumia kwenye halmashauri moja tu: MUSE kwa malipo, TAUSI kwa mapato, PlanRep kwa mipango na bajeti, FFARS kwa hesabu za shule na zahanati, NeST kwa manunuzi kuanzia 2023, PEPMIS kwa kupima utendaji wa kila mtumishi badala ya zile fomu za OPRAS, na ofisi mtandao kwa barua. Muuguzi aliyesomea kuzalisha anapelekwa zahanati ya kijijini, yuko peke yake na mhudumu mmoja, na anatakiwa afunge hesabu za kituo kwenye FFARS. Tangazo lake la kazi halikumwambia hilo.

Ndiyo maana wasailiwa wanaulizwa habari za mifumo hata kwenye kada ambazo mtu hakutegemea.

Mwalimu wa Ndanda

Utumishi umegusa kidonda. PEPMIS ilipokuja sisi walimu tulipelekwa puta. Mtumishi anatakiwa aweke majukumu yake, avunje kuwa kazi ndogo ndogo, aripoti utekelezaji, msimamizi wake aidhinishe. Wengi tulikuwa na simu janja ila tumezoea WhatsApp. Tarehe ya mwisho ikakaribia, mshahara wa mtu uko mawazoni, walimu wakamiminika steshenari. Wakatoa cheki namba (namba ya utumishi) na nywila zao kwa kijana asiyejua hata somo wanalofundisha, akawajazia majukumu yanayofanana shule nzima. Mwalimu wa Kiswahili amejaziwa anafundisha Fizikia.

Naona aibu kusema lakini mmoja wao alikuwa mimi. Nina miaka 19 kazini.

Aliyenitoa huko ni binti yangu wa kidato cha tatu. Alinikalisha jioni mbili. Jioni ya kwanza tuliishia kwenye kuandika nywila, maana nilikuwa nasahau herufi kubwa iko wapi. Ya pili nikajaza kazi zangu mwenyewe, kwa maneno yangu, nikajua kumbe mfumo wenyewe hauna ugumu wa kutisha, woga ndio ulikuwa mkubwa.

Na manunuzi nayo. Shule ikitaka kujenga matundu ya vyoo fundi lazima awe amesajiliwa NeST. Mafundi wetu wazuri wa hapa Ndanda, watu wanaojenga kwa jiwe la mlimani ukuta unasimama miaka 50, wanakosa kazi inakwenda kwa fundi wa mbali aliyejisajili. Kwa hiyo jambo hili si la waomba ajira peke yao.

Kijana wa Mangaka

Wakuu nawasoma wote. Mimi ni mtendaji wa kijiji Nanyumbu, mwaka wa pili kazini. Siku naripoti nilikabidhiwa muhuri, daftari la wakazi na mashine ya POS ya kukusanyia ushuru. Aliyenitangulia POS ilikuwa inamtisha, alikuwa anamwachia mgambo. Mapato hayakwenda vizuri na ilibidi ajieleze.

Mimi nilijifunzia kompyuta sehemu ambayo watu hawaitarajii. Nilipokuwa nasubiri ajira nilijitolea kwenye chama cha msingi. Msimu wa korosho pale kuna kazi ya kuingiza majina ya wakulima, kilo, namba za akaunti za benki. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti, hela ya mzee wa watu inakwenda pengine, na atakuja na fimbo yake kukaa mlangoni mpaka ieleweke. Nilijifunza umakini pale kuliko darasani. Hata minada ya korosho siku hizi inaendeshwa kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, bei zinaonekana kwenye skrini wakulima wamekaa uwanjani wanaangalia.

Kwenye usaili niliulizwa nitawezaje kutumia TEHAMA kwenye kijiji. Nikawaeleza habari ya yule mzee na tarakimu. Sikuwa na jibu jingine.

Binti Mikindani

Nyie mnaongelea kujifunza kana kwamba kompyuta zipo. Nimemaliza kidato cha nne kwenye shule yenye chumba cha kompyuta. Kompyuta kumi, zimefunikwa vitambaa vizuri, mlango una kufuli. Miaka minne tuliingia mara mbili, zote siku walipokuja wageni. Tuliambiwa tutaziharibu. Bando nalo ni hela, mtu anayekula kwa kuuza samaki wa mafungu hawezi kukaa mtandaoni saa mbili anajifunza Excel. Na umeme wa kwetu mnaujua.

Halafu ikifika usaili tunaambiwa vijana wa Kusini hawana ujuzi.

Utumishi Kusini

@Binti Mikindani uko sahihi na sitakujibu kwa kukupinga. Kompyuta iliyofungiwa miaka minne inaharibika vile vile, tena haijamfundisha mtu. Nimewahi kulisema hilo kwenye kikao na nitalisema tena. Kamati za shule na madiwani waulizwe chumba kinafunguliwa siku gani na nani ana funguo. Swali hilo halihitaji bajeti.

Kwa sasa angalia VETA, vyuo vya ufundi stadi, wana kozi fupi za kompyuta, Mtwara na Lindi zote zina chuo. Vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo uliza. Usilipie kozi ya miezi sita ya mtu wa mtaani kabla hujajua kama cheti chake kinatambuliwa na serikali, hapo wengi wanaliwa hela.

Na jambo la kumwambia kila mtu: kuomba kazi kupitia Ajira Portal hakuna ada. Anayekutoza anatoza kazi ya mikono yake. Akikuambia hela ya "kupitisha jina", ondoka.

Bi Mahuta

Naongezea kwa Binti Mikindani. Mwanangu, kuchapa kwa vidole kumi kunajifunzika hata kwenye kibodi mbovu isiyounganishwa popote. Mimi nilianza na kibodi iliyotupwa, nikaiweka mezani, nikafumba macho, nikawa nagusa herufi nikizitaja kwa sauti. Jirani zangu walidhani nina matatizo. Nilipopata kompyuta yenyewe vidole vilikuwa vinajua njia.

Mtu wa Liwale

Wakuu nimerudi. Jana nimepanda pikipiki mpaka mjini kwa aliyeniombea, nikamkuta, tukaifungua akaunti pamoja. Kidato cha nne imewekwa hati ya matokeo. Mara zote sita. Cheti halisi kiko nyumbani kwenye sanduku la mama tangu 2016.

Nimebadilisha barua pepe ikawa yangu, nywila yangu, namba ya simu yangu. Anwani ilikuwa Dar es Salaam, nimeweka Lindi. Cheti nimekiskani mwenyewe, yeye ananielekeza. Imenichukua saa tatu. Bi Mahuta na Utumishi, Mungu awaweke. Nilikuwa natukana serikali kwa jambo ambalo lilikuwa kwenye sanduku la mama.

Mwana wa Chikongola

Mtu wa Liwale, nimesoma nikanyamaza kidogo. Hongera sana ndugu yangu.

Nieleze nilichoamua. Kuanzia wiki hii sifungui akaunti ya mtu yeyote kwa nywila ninayoijua mimi. Anayekuja anakaa kwenye kiti, mimi nasimama pembeni. Bei ni ile ile. Jana alikuja mama mmoja wa makamo, muuguzi mstaafu, kumwombea mjukuu. Nikamwambia mama samahani, mjukuu aje mwenyewe. Alikasirika. Leo asubuhi wamekuja wote wawili. Kijana alichukua dakika arobaini kuandika barua ya maombi, kidole kimoja kimoja, bibi yake amekaa nyuma yake anamsomea anwani ya Katibu wa Sekretarieti kutoka kwenye simu. Alipomaliza akaisoma yote kwa sauti, akakuta mahali ameandika jina lake vibaya, akarekebisha mwenyewe.

Na lile daftari nimeanza kuwapigia waliomo mmoja mmoja, waje wabadilishe. Tangu 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata isingekuwepo, siri za watu mia mbili hazistahili kulala kwenye droo yangu chini ya chupa ya gundi. Nimeshawapata 31. Kila anayebadilisha nakata jina lake kwa kalamu nyekundu mbele yake. Yule dada wa Newala ndiye wa kwanza. Tulihangaika siku nne lakini akaunti imerudi, anwani inasoma Mtwara.

Mwenye steshenari mwingine humu, wa Masasi, Lindi, Kilwa, popote, nakuomba tufanye hivi. Na kama uliwahi kuombewa kwangu na namba yako ya simu ulishabadilisha, sina njia ya kukupata. Jumamosi nafungua saa mbili. Njoo na simu yako, namba yako ya NIDA na vyeti halisi.

Binti Mikindani

Kaka nitakuja. Sina laptopu, nina simu ya kitochi tu. Itafaa?

Mwana wa Chikongola

Itafaa dada. Kitochi kinapokea ujumbe wa namba ya uthibitisho, mengine tutatumia kompyuta ya hapa. Njoo mapema kabla ya foleni ya fotokopi.